KUFUNDISHA UUNGANISHAJI WA PROBU ZA UKARIBU NA CHOMBO CHA KUKUSANYIA DATA

Utangulizi

Miongoni mwa masomo ya vipimo yanayofundishwa katika vyuo vya ufundi, somo la probu za ukaribu ni jepesi kwa sura na gumu kwa ndani. Nyaya za kushughulikia ni tatu tu, na mchoro wake waweza kunakiliwa ubaoni kwa dakika tano. Kwa sababu hiyo ni rahisi mwalimu kudhani kwamba amekwisha kufundisha pindi wanachuo wanapokwisha kunakili. Lakini mwanachuo aliyekariri mchoro hana silaha yoyote siku chombo kitakapomdanganya; na katika kazi hii kosa halijitangazi. Fyuzi haikatiki, moshi hautoki, wala kengele hailii. Kompyuta huonyesha mstari safi ulionyooka, na anayeusoma huamini kwamba shafti imetulia, kumbe inatetema ndani ya beringi zake.

Shabaha ya makala hii ni kumpendekezea mwalimu utaratibu wa masomo manne yatakayomfikisha mwanachuo kwenye kazi hii kwa njia ya kufikiri badala ya kukariri. Kanuni inayoyaunganisha ni moja: mwanachuo atabiri kwanza, apime baadaye, aunganishe mwisho. Asiguse bisibisi kabla hajaandika katika daftari lake namba anayotazamia kuiona.

Somo la kwanza: Mikondo inayozunguka ndani ya metali

Yafaa somo lianze na jambo linaloonekana kwa macho. Mwalimu achukue bomba nene la shaba au aluminiamu, sumaku moja yenye nguvu, na kipande cha chuma kisicho sumaku kinacholingana nayo kwa ukubwa. Kipande cha chuma kikiachiwa ndani ya bomba lililosimamishwa, huanguka mara moja. Sumaku ikiachiwa hushuka polepole kana kwamba imo ndani ya asali, ingawa shaba na aluminiamu hazivutwi na sumaku. Wanachuo waulizwe sababu kabla ya kuelezwa.

Maelezo yake yanatokana na kazi ya Michael Faraday wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1831 kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzaa umeme katika kipitisho. Ndani ya metali pana umeme huo haufuati waya. Hujizungusha wenyewe, kama maji ya mto yanavyojizungusha nyuma ya jiwe. Léon Foucault wa Ufaransa aliichunguza mikondo hiyo mwaka 1855, na hata leo katika nchi kadhaa huitwa kwa jina lake. Sisi katika makala hii tutaiita mikondo-zunguko. Kila mara mikondo hiyo huzaa uga wake wenyewe unaopinga badiliko lililouzaa, na ndiyo maana sumaku hushuka kwa kusitasita.

Probu ya ukaribu hutumia kanuni hiyo hiyo. Nchani mwake mna koili ndogo. Kisanduku cha elektroniki kinachoiendesha huipelekea umeme unaogeuka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde. Shafti ya chuma ikisogea karibu, mikondo-zunguko huzuka juu ya uso wake na kunyonya sehemu ya nguvu ya koili. Kadiri mwanya unavyopungua ndivyo nguvu inayonyonywa inavyoongezeka. Kisanduku hupima upungufu huo na kuutafsiri kuwa volti. Hivyo mwanya hupimwa bila probu kugusa shafti, wala mafuta ya beringi yaliyo kati yake hayazuii kipimo.

Mtu aliyeifanya probu hii kuwa chombo cha kawaida viwandani ni Donald Bently wa Marekani, ambaye kampuni yake ilihamia mji wa Minden, jimbo la Nevada, mwaka 1961. Mwaka 1976 Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa kanuni yake namba 670 kuhusu vipimo hivi, na tangu hapo mashine nyingi kubwa zimefungiwa vifaa vya aina moja.

Mwalimu asipite hapa bila kusisitiza jambo moja. Probu, waya wa kuunganishia na kisanduku ni chombo kimoja chenye sehemu tatu. Urefu wa waya ni sehemu ya hesabu ya koili, kwa hiyo kisanduku kilichotengenezwa kwa mita 5 hakifai kutumiwa na mita 9, na fundi hana ruhusa ya kukata kipande cha waya kwa kuwa kimezidi. Kadhalika, kisanduku hurekebishwa kwa aina maalumu ya chuma. Mbele ya aluminiamu au shaba chombo hicho hicho kitatoa namba nyingine kabisa.

Somo la pili: Kutabiri na kupima

Probu za kawaida za ncha ya milimita 8 hupewa umeme wa volti hasi 24, nazo hutoa badiliko la volti 7.87 kwa kila milimita moja ya mwanya. Sehemu yake inayofuata mstari ulionyooka huanzia mwanya wa milimita 0.25 hivi, ambapo hutoa karibu volti hasi 1, na kuendelea kwa urefu wa milimita 2. Kutokana na maelezo hayo mwanachuo aweza kujitungia kanuni:

Volti = –[1 + 7.87 × (mwanya – 0.25)]

Kabla ya kugusa chombo, kila mwanachuo ajaze jedwali kwa kutumia kanuni hiyo. Atapata matokeo haya:

mwanya mm 0.25: volti –1.00
mwanya mm 0.50: volti –2.97
mwanya mm 0.75: volti –4.94
mwanya mm 1.00: volti –6.90
mwanya mm 1.25: volti –8.87
mwanya mm 1.50: volti –10.84
mwanya mm 1.75: volti –12.81
mwanya mm 2.00: volti –14.77
mwanya mm 2.25: volti –16.74

Baada ya hapo probu ifungwe mbele ya bamba la chuma linalosogezwa na mikromita, kisha volti zipimwe kwa mita ya kawaida. Wanachuo wachore mistari miwili katika grafu moja, wa utabiri na wa kipimo. Mistari hiyo haitalingana kabisa, na hilo ndilo lenye faida. Mwalimu awaongoze kutafuta mteremko wa mstari wao wenyewe, maana huo ndio watakaoutumia, wala si ule ulioandikwa katika karatasi ya mtengenezaji. Halafu bamba la chuma libadilishwe kwa la aluminiamu, na kazi irudiwe. Mteremko utakaobadilika mbele ya macho yao utawafundisha zaidi ya onyo lolote.

Kuhusu alama ya hasi, wanachuo wengi hutatizika. Kisanduku kina vituo vitatu: cha umeme hasi, cha pamoja, na cha kutolea ishara. Katika usambazaji wa volti 24, upande chanya ndio unaofungwa kwenye kituo cha pamoja, na upande hasi ndio unaokwenda kwenye kituo cha umeme. Aliyezoea kufunga waya hasi kwenye kituo cha pamoja atageuza mambo. Yafaa pia wakumbuke kwamba shafti inapoikaribia probu, volti husogea kuelekea sifuri. Kwa hiyo katika grafu mstari unapanda.

Somo la tatu: Hatari ya mstari ulionyooka

Hapa ndipo kiini cha mafunzo yote. Vyombo vingi vya kukusanyia data vinavyotumiwa vyuoni hupokea volti kuanzia hasi 10 hadi chanya 10. Mwalimu aandike sentensi hiyo ubaoni karibu na jedwali la wanachuo, kisha anyamaze. Baada ya muda mmoja wao ataona kwamba kuanzia mwanya wa milimita 1.50 na kuendelea, namba zote zimevuka kikomo hicho. Kwa hesabu, kikomo hufikiwa kwenye mwanya wa milimita 1.39 hivi.

Sasa waulizwe: ikiwa probu imefungwa kwenye mwanya wa milimita 1.50, na shafti inatetema kwa milimita 0.05 kutoka ukingo hadi ukingo, kompyuta itaonyesha nini? Mtetemo huo ni sawa na volti 0.39, yaani ishara yapanda na kushuka kati ya hasi 10.64 na hasi 11.03. Wimbi lote limo nje ya kikomo. Chombo, kwa kuwa hakiwezi kuandika zaidi ya hasi 10, kitaandika hasi 10 daima. Mstari utanyooka kama uzi wa fundi mwashi. Msomaji asiyejua atasema mashine hii ni tulivu kuliko zote.

Ikiwa mwanya ni milimita 1.39, hali ni ya hila zaidi. Nusu ya wimbi itaonekana na nusu itakatwa, na mtetemo utaandikwa kuwa mdogo kuliko ulivyo. Jambo hili lisemwe waziwazi darasani: maisha ya mashine, na pengine ya watu waliosimama kando yake, hutegemea fundi aliyejua tofauti kati ya ukimya wa shafti na ukimya wa chombo.

Chuo kisicho na probu chaweza kufanya jaribio hili kwa vifaa vya dukani. Betri mbili za volti 9 zifungwe mfululizo, na kati ya ncha zao iwekwe rezista ya kuzungusha ya omu 1000 na nusu wati. Ncha chanya iwe ya pamoja. Basi mguu wa kati utatoa volti kati ya sifuri na hasi 18 kwa kadiri mkono unavyozungusha. Ikiwa chombo cha data chaweza kuwekewa upeo wa volti 5, kipewe hasi 6, na wanachuo washuhudie kinavyong'ang'ania hasi 5. Mwalimu asome kwanza katika karatasi ya mtengenezaji volti ambazo chombo chaweza kustahimili bila kuharibika, wala asizivuke.

Somo la nne: Kuunganisha

Baada ya kuona hatari, wanachuo wataitafuta dawa wenyewe. Dawa ziko tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kutumia chombo chenye upeo mpana, kwa mfano volti 30 kila upande. Hii ndiyo njia nyepesi kwa fundi na nzito kwa mfuko. Vyombo vya namna hiyo mara nyingi vimetengenezwa pia kwa ajili ya vipima-mtetemo vingine vinavyohitaji kulishwa mkondo na chombo chenyewe. Kwa probu ya ukaribu mlisho huo lazima uzimwe, kwani probu ina umeme wake.

Ya pili ni kuweka kapasita mfululizo na ishara, au kuchagua mpangilio wa namna hiyo ndani ya chombo. Kapasita huzuia volti tulivu na kupitisha mtetemo peke yake. Hapo upeo mdogo watosha, na mtetemo huonekana kwa undani. Lakini habari za mwanya zimepotea. Hatutajua tena kama shafti imepanda katika beringi, au imesogea kwa urefu kuelekea mbele. Kwa hiyo mwanachuo ajiulize kwanza anatafuta jibu la swali gani.

Ya tatu ni kigawanya volti cha rezista mbili. Tuchukue rezista ya kiloomu 20 mfululizo na ishara, na ya kiloomu 10 kutoka hapo hadi kituo cha pamoja, na chombo kisome kwenye ile ya kiloomu 10. Ishara hugawanywa kwa 3. Hata ikiwa mwanya utazidi na volti kukaribia zile 24 za usambazaji, chombo kitapokea 8 tu. Mteremko nao hugawanywa: volti 7.87 kwa milimita huwa 2.62. Jumla ya kiloomu 30 haikielemei kisanduku, ambacho kwa kawaida hurekebishwa kikiwa na mzigo wa kiloomu 10.

Hata hivyo mwalimu awatahadharishe wasiiamini namba 3 upesi. Ikiwa ukinzani wa mlango wa chombo chenyewe ni kiloomu 100, huo umesimama sambamba na rezista ya kiloomu 10, na pamoja hufanya kiloomu 9.09. Ishara haigawanywi tena kwa 3, bali kwa 3.2. Kosa ni zaidi ya asilimia 6, na limezaliwa na kitendo cha kupima. Dawa yake ni kurudia kazi ya mikromita ya somo la pili huku kila kitu kimeunganishwa, tangu ncha ya probu hadi kompyuta. Mteremko utakaopatikana umekwisha kubeba makosa yote ya njiani.

Kisha uzingatiwe uwezo wa chombo wa kutofautisha hatua ndogo. Chombo cha biti 12 hugawa volti 20 katika hatua 4096, kila moja milivolti 4.88, kwa mteremko wa 2.62 hiyo ni mikromita 1.86. Chombo cha biti 16 hufikia mikromita 0.12. Wanachuo waamue wenyewe kipi kinatosha kwa mtetemo wa mikromita 50.

Kuhusu wakati, mashine inayozunguka mara 3000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde. Chombo kikichukua sampuli 60 tu kwa sekunde, wimbi hilo la hezi 50 litaandikwa kama wimbi la hezi 10 ambalo halimo kabisa katika mashine. Ili kuona hadi mara kumi ya mwendo wa shafti, yaani hezi 500, sampuli lazima zizidi 1000 kwa sekunde. Kwa desturi ya kazi hii huchukuliwa 2.56 mara ya hezi zinazotafutwa, yaani 1280. Kichujio cha kuzuia mawimbi ya juu kiwe kabla ya chombo cha dijiti, kwa kuwa wimbi la uongo likishaingia haliwezi kutengwa tena na la kweli.

Probu hufungwa mbili mbili kwenye beringi, kwa pembe ya digrii 90, ili njia ya shafti ichorwe kwa pande zote. Chombo kinachosoma mlango mmoja baada ya mwingine huchelewesha mmoja. Kwa mwendo wa hezi 50 mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Ucheleweshaji wa nusu milisekunde ni digrii 9, na mchoro wa njia ya shafti utapinda kwa sababu isiyo ya shafti. Chombo kinachosoma milango yote kwa pamoja ni bora.

Mwisho ni ngao ya waya. Ifungwe ardhini upande mmoja tu. Ikifungwa pande zote mbili, tofauti ndogo ya volti kati ya sehemu mbili za jengo itapitisha mkondo ndani yake, na hezi 50 za umeme wa jengo zitaonekana katika grafu. Katika nchi yenye umeme wa hezi 50 jambo hili ni la hatari ya pekee, maana mtetemo wa mashine ya mizunguko 3000 nao ni hezi 50, na jicho haliwezi kuwatenganisha pacha hawa. Jaribio la kuwabaini ni rahisi: shafti ikiwa imesimama, wimbi lililobaki si lake.

Kazi katika mtambo halisi

Wanachuo watakapopelekwa kiwandani, sheria moja isivunjwe. Probu nyingi za mitambo mikubwa zimeunganishwa na mfumo wa ulinzi unaoweza kuisimamisha mashine. Kulegeza waya mmoja kwenye kisanduku ni kuupofusha mfumo huo, au kuusababisha usimamishe mashine bila haki. Ishara ichukuliwe kwenye tundu lililotengwa kwa ajili hiyo katika kabati la ulinzi, lenye sakiti ya kuikinga ishara ya asili, tena kwa idhini ya mwendeshaji wa zamu. Kabla ya kipimo chochote, ichukuliwe kumbukumbu ya shafti ikizunguka polepole sana. Mikwaruzo ya shafti na kasoro za chuma chake huonekana hapo kana kwamba ni mtetemo, na lazima zitolewe katika hesabu za baadaye.

Tathmini

Maswali matatu yatosha kumpima mwanachuo.

1. Probu iko kwenye mwanya wa milimita 1.00. Chombo kitasoma ngapi baada ya kigawanya cha 3? (Volti –2.30.)

2. Kwa mteremko wa volti 2.62 kwa milimita, wimbi lina volti 0.21 kutoka ukingo hadi ukingo. Shafti inatetema kiasi gani? (Milimita 0.08, yaani mikromita 80.)

3. Chombo kisicho na kigawanya kimeandika –10.00 kwa saa nzima bila kutikisika. Andika taarifa kwa msimamizi wako.

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Anayeandika kwamba shafti imetulia arudishwe kwenye somo la tatu, hata akiwa amepata maswali mengine yote. Anayeandika kwamba kipimo hakijulikani, na kwamba amekwenda kupima kituo cha ishara kwa mita, huyo amefuzu.

Hitimisho

Utaratibu huu huchukua muda mrefu kuliko kunakili mchoro. Lakini vyombo hubadilika kila baada ya miaka michache, na mchoro uliokaririwa huzeeka pamoja na chombo chake. Tabia ya kuandika namba unayotazamia kabla ya kutazama kioo cha kompyuta haizeeki. Mwalimu atakayempa mwanachuo tabia hiyo amempa kipimo cha kupimia vipimo.